Noeli: Kwa nini Wamarekani bado wanalia mbele ya filme za sanamu za miaka 60 iliyopita

Zilitengenezwa kwa mbao, waya na vitambaa, picha moja moja, na mafundi wa Tokyo ambao watazamaji hawakuwajua. Leo watu wazima wanazitafuta tena kila Desemba. Wanachotafuta ni kikubwa kuliko sanamu zenyewe.

Kila mwezi wa Desemba, jamaa nyingi za Marekani zinakaa mbele ya televisheni na kutazama filme ambayo kila mtu nyumbani anajua mwisho wake. Ni hadithi ya Rudolph, kulungu mdogo wa nchi za baridi, aliyezaliwa na pua nyekundu inayowaka kama taa. Filme hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1964, na tangu siku ile haijakosa Noeli hata moja. Hakuna filme nyingine ya Noeli iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani ambayo imedumu muda mrefu hivyo bila kukatika.

Ukiitazama leo, kasoro zake zinaonekana haraka. Wanyama wanatembea kwa kushtuka-shtuka. Nyuso hazibadiliki sana. Theluji inaonekana wazi kwamba si theluji. Mtoto aliyezoea filme za kompyuta anaweza kuicheka. Lakini mzazi wake, au babu yake, anasikia wimbo wa mwanzo tu na tayari macho yana machozi.

Rudolph hayuko peke yake. Baada yake ilikuja hadithi ya mtoto mpiga ngoma aliyekwenda Betlehemu, mwaka wa 1968. Mwaka wa 1970 ikatoka ile inayoeleza namna Baba Noeli alivyoanza kazi yake, ikisimuliwa na Fred Astaire, mchezaji dansi maarufu wa sinema. Mwaka wa 1974 ikafuata ile ya Baba Noeli aliyechoka na kutaka kupumzika, pamoja na ndugu wawili wanaogombana, mmoja bwana wa joto, mwingine bwana wa baridi. Zote nne zilitoka katika nyumba moja ya filme ya New York, iliyoanzishwa mwaka wa 1960 na Arthur Rankin Jr. na Jules Bass. Watu wa Marekani wanaziita kwa majina ya hao wawili: filme za Rankin/Bass.

Mkono unasogeza, kamera inapiga

Ili kuelewa mapenzi haya, lazima kwanza kuelewa kazi yenyewe. Filme hizi hazikuchorwa kwenye karatasi, wala hakuna mchezaji aliyevaa nguo za mnyama. Zilitengenezwa kwa sanamu ndogo zenye mifupa ya waya ndani. Fundi anaweka sanamu mbele ya kamera, anapiga picha moja. Kiisha anasogeza mguu kidogo sana, anapiga nyingine. Anainua kichwa kidogo, anapiga tena. Picha zikipitishwa haraka, jicho linadanganyika na kuona sanamu inatembea.

Sekunde moja ya filme inahitaji picha 24. Filme ya dakika 50 inafikia picha 72 000. Hata fundi akitumia pozi moja kwa picha mbili, bado lazima aguse sanamu mara elfu kumi na elfu kumi tena. Akikosea katikati, au taa ikisogea, au sanamu ikianguka, anarudia. Kazi ya Rudolph ilichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Namna hii ya kutengeneza filme ni ya zamani. Tayari mwaka wa 1913, huko Urusi, Władysław Starewicz alitengeneza filme fupi ya Noeli ambamo wadudu wa msituni wanafanya siku kuu, na wadudu wale walisogezwa kwa mkono, hatua kwa hatua. Rankin na Bass hawakuvumbua ufundi huo. Walichofanya ni kuuingiza katika sebule ya nyumba, saa ambayo watoto hawajalala.

Hadithi iliyoandikwa ndani ya msiba

Rudolph mwenyewe alizaliwa miaka 25 mbele ya filme, katika biro ya biashara. Mwaka wa 1939, magazini kubwa ya Chicago iliyoitwa Montgomery Ward ilitaka kitabu kidogo cha kuwagawia watoto bure wakati wa Noeli, ili wazazi waje kununua. Kazi hiyo ilipewa Robert L. May, mwandishi wa matangazo ya magazini hiyo.

May alikuwa katika wakati mgumu. Mke wake, Evelyn, alikuwa anaumwa kansa. Nyumbani kulikuwa na binti mdogo wa miaka minne, na madeni ya hospitali. Evelyn alikufa mwezi wa Julai mwaka ule. Mkubwa wake wa kazi alitaka kumpa mtu mwingine kitabu kile, lakini May alikataa. Alikimaliza mwezi uliofuata, akamsomea binti yake.

Mwaka ule wa kwanza, Montgomery Ward iligawa vitabu milioni 2,4. May hakupata utajiri, kwa sababu hadithi ilikuwa mali ya kampuni. Haki zake alipewa mwaka wa 1947. Miaka miwili baadaye, shemeji yake, Johnny Marks, aligeuza hadithi kuwa wimbo, na mwimbaji Gene Autry akautia kwenye sahani. Wimbo huo ulisambaa Marekani yote, na kutoka hapo ukafika katika nchi nyingine nyingi.

Kwa hiyo ile filme ambayo watu wanaikumbuka kama furaha tupu ina kitu kingine chini yake: baba mjane anamwandikia mtoto hadithi ya mnyama aliyekataliwa, ambaye mwishowe anapata nafasi yake. Mtoto wa miaka mitano hajui habari hizo. Lakini anasikia kwamba hadithi hii haimchezei. Huzuni ya Rudolph anapofukuzwa katika michezo ya wenzake ni huzuni ya kweli.

Ncha ya Kaskazini ilikuwa Tokyo

Watazamaji wa Marekani waliamini kwamba wanaona Ncha ya Kaskazini. Kweli walikuwa wanaona meza za kazi za Tokyo. Rankin na Bass waliandikisha hadithi kwa mwandishi Romeo Muller. Sauti zilirekodiwa Toronto, Kanada, karibu zote na wachezaji wa Kanada. Sauti ya Rudolph ilikuwa ya mwanamke, Billie Mae Richards. Mwimbaji Burl Ives alipewa sauti ya sanamu ya theluji inayosimulia hadithi. Kiisha kanda za sauti zilipelekwa Japani, na huko ndiko kazi ya mikono ilifanyika.

Mkubwa wa mafundi alikuwa Tadahito Mochinaga, aliyezaliwa mwaka wa 1919. Maisha yake yangetosha filme nyingine. Wakati wa vita alikwenda Manchuria, upande wa China uliokuwa chini ya Japani. Vita vilipokwisha, alibaki China, akafanya kazi na Wachina katika siku za kwanza za filme zao za sanamu, na anahesabiwa kati ya waanzilishi wa ufundi huo katika nchi hiyo. Alirudi Japani mwaka wa 1953. Miaka michache baadaye, Wamarekani walimkuta Tokyo.

Katika filme ya Rudolph jina lake limeandikwa kwa kifupi, Tad Mochinaga, kama fundi. Sanamu zilichongwa na Ichiro Komuro. Ndevu za Baba Noeli ni nywele za yak, ng'ombe wa milima mirefu ya Asia. Pua ya Rudolph ilitiwa taa ndogo ya umeme. Kwa miaka mingi majina ya mafundi hawa yalipita haraka kwenye kioo, na watu wachache waliyasoma.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa filme hizi wameanza kulisema kwa sauti. Kinachoitwa Noeli ya Kimarekani ilikuwa kazi ya mabara mawili: karatasi za New York, sauti za Toronto, mikono ya Tokyo. Na mikono ndiyo iliyokawia kusifiwa.

Barua za watoto zilibadilisha mwisho

Katikati ya filme, Rudolph anafika kwenye kisiwa cha vitu vya kuchezea vilivyokataliwa. Kuna treni yenye magurudumu ya pembe nne, tembo mwenye madoa, ndege asiyeruka ila anaogelea, na mchunga ng'ombe anayepanda mbuni badala ya farasi. Kuna pia binti wa kitambaa ambaye hakuna anayeona kasoro yake. Wote wanangoja mtoto atakayewapenda. Rudolph anaahidi kumwambia Baba Noeli.

Katika filme iliyoonyeshwa mwaka wa 1964, ahadi hiyo ilisahauliwa. Rudolph aliongoza gari la Baba Noeli, filme ikaisha, na wale wa kisiwani hawakuonekana tena. Watazamaji hawakukubali. Waliandika barua kuuliza: wale waliobaki kisiwani wamekwenda wapi? Mwaka wa 1965 filme ilirudi na sehemu mpya. Baba Noeli anasimama kwanza kisiwani, anawapakia wote, kiisha anaendelea na safari. Ili kupata dakika za sehemu hiyo, watengenezaji walikata nyingine ya mchimba madini mmoja wa hadithi.

Kwa wengi waliokua na filme hii, pale kisiwani ndipo koo linakauka. Hata leo, ukiwauliza wanachokumbuka, wengi hawaanzi na pua nyekundu. Wanaanza na wale waliokuwa wanangoja kwenye baridi. Mtoto anajiuliza kimoyomoyo kama yeye pia angeachwa. Mwisho wa mwaka wa 1965 unamjibu kwamba hapana, hakuna anayeachwa. Na jibu hilo lilidaiwa na watazamaji wenyewe.

Usiku mmoja kwa mwaka

Kuna sababu nyingine ya mapenzi haya, na hiyo haina uhusiano na hadithi. Ni saa.

Mwaka wa 1964, Marekani ilikuwa na mashirika makubwa matatu ya televisheni: NBC, CBS na ABC. Nyumba nyingi zilikuwa bado na televisheni isiyo na rangi. Kaseti za video za nyumbani hazikuwepo. Rudolph alipita NBC mara moja, Jumapili jioni, kwa gharama ya kampuni ya vifaa vya umeme General Electric, iliyokuja kuuza bidhaa zake. Mtoto aliyekuwa amelala, au anaumwa, au aliyepewa azabu jioni ile, alingoja miezi 12.

Kwa hiyo watoto walihesabu siku. Walioga mapema, walivaa nguo za kulala, walikaa chini karibu na kioo. Na walijua kwamba saa ileile, nyumba ya jirani, nyumba ya shangazi, nyumba ya mwalimu, wote wanatazama kitu kilekile. Kesho yake shuleni hakukuwa na habari nyingine.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Kalemie hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Katika kartie zetu, watu wengi walikua wakitazama televisheni moja kwa nyumba kumi, watoto wamejaa mpaka mlangoni na dirishani, na wote wakiomba umeme usikatike kabla ya mwisho. Filme inaweza kusahauliwa. Bega la jirani uliyekuwa umeliegemea halisahauliki.

Kaseti zilipofika, na baadaye diski, na baadaye intaneti, filme ya usiku mmoja ikawa filme ya siku yoyote. Leo mtu anaweza kuifungua mwezi wa Agosti kwenye simu yake. Hakuna anayengoja tena, na ni kungoja huko ambako watu wazima wanakulilia. Hata hivyo televisheni haijaiacha. CBS iliionyesha tangu mwaka wa 1972 hadi 2023. Tarehe 6 Desemba 2024, filme ilipotimiza miaka 60, ilirudi NBC, nyumba yake ya kwanza.

Ukumbusho unachagua

Si wote wanaoitazama kwa macho laini. Katika miaka ya karibuni, wazazi vijana wameshtuka walipoirudia. Baba wa Rudolph anaficha pua ya mtoto kwa udongo kwa sababu anaona haya. Kocha anawakataza wengine kucheza naye. Baba Noeli mwenyewe, ambaye tunangoja awe na huruma, anamlaumu baba kwa kuwa na mtoto wa namna hiyo. Mama anapotaka kwenda kumtafuta mtoto aliyepotea, anaambiwa hiyo ni kazi ya wanaume. Na siku ambayo Rudolph anakubaliwa ni siku ambayo tufani imefunga njia na pua yake inahitajika.

Swali ni zito: je, aliyekataliwa anapendwa kwa sababu ni mtu, au kwa sababu amefaa? Watetezi wa filme wanajibu kwamba wakubwa wale wanaonyeshwa wazi kuwa wamekosa, na kabla ya mwisho wanaomba msamaha. Mabishano haya yanarudi kila Desemba, na labda ni dalili ya afya. Filme ambayo hakuna anayebishana juu yake imekwisha kufa.

Ukumbusho unafuta na mengine. Watu husema kwamba ule ulikuwa wakati wa amani na utulivu. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua kwamba siyo. Tarehe 24 Novemba 1964, siku 12 tu mbele ya Rudolph kuonyeshwa, ndege za jeshi la Marekani ziliwaangusha askari wa Ubelgiji wa miavuli juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, katikati ya vita vya Simba. Habari za mji huo zilikuwa zimejaa katika magazeti na televisheni za Marekani wiki zile. Watoto waliomlilia kulungu jioni ya Jumapili waliishi katika nyumba ambamo wazazi walikuwa wanasikia jina la Kongo kila siku. Hilo halifanyi machozi yao kuwa ya uongo. Linaonyesha tu kwamba kila jamaa inajitengenezea kisiwa kidogo cha usalama, na baadaye inakikumbuka kana kwamba kilikuwa dunia nzima.

Leo njia hiyo ina watu wetu pia. Kwa miaka mingi kati ya 2016 na 2024, Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka upande huu wa nchi. Watoto wao wanasoma katika shule ambamo wimbo wa Rudolph unaimbwa kila Desemba. Mtoto aliyekuja juzi, ambaye lugha yake na jina lake vinachekwa uwanjani, hahitaji mtu wa kumfasiria hadithi ya yule anayekatazwa kucheza na wenzake.

Sanamu mbili zilizookoka

Na sanamu zenyewe? Karibu zote zimepotea. Watengenezaji hawakufikiri kwamba kuna mtu atazitaka baada ya filme. Mbao, kitambaa na mpira havikutengenezwa ili kudumu. Baadhi zilipelekwa New York kwa ajili ya matangazo, kiisha zikagawiwa. Rudolph na Baba Noeli walichukuliwa na karani mmoja wa kampuni, aliyewaweka chini ya mti wa Noeli wa nyumbani kwake. Watoto wa jamaa walicheza nao. Nusu ya masharubu ya Baba Noeli ikaanguka, na pua ya Rudolph ikapotea.

Mwaka wa 2006 zilionekana katika kipindi cha televisheni kinachokadiria bei ya vitu vya kale, na wakati huo zilikadiriwa kuwa na bei ya maelfu machache tu ya dola. Baadaye zilitengenezwa upya, pua na masharubu vikarudishwa. Mwezi wa Novemba 2020, katika mwaka wa korona ambamo jamaa nyingi hazikuweza kukutana, ziliuzwa kwenye mnada kwa dola 368 000. Aliyezinunua hakuzifungia nyumbani. Alizitoa kwa makumbusho ya sanamu za michezo ya Atlanta, ambako kila mtu anaweza kuziona.

Ufundi nao haujafa. Filme ya Henry Selick ya mwaka wa 1993, iliyotokana na hadithi ya Tim Burton juu ya mfalme wa mifupa anayetaka kuiba Noeli, ilisogezwa kwa mkono vilevile. Mwaka wa 2003, filme ya kuchekesha ya Will Ferrell, mtu mzima aliyelelewa na watumishi wadogo wa Baba Noeli, iliweka Ncha ya Kaskazini yenye wanyama wa kushtuka-shtuka, na kila Mmarekani aliyekaa sinema alijua salamu hiyo inamwendea nani. Siku ya Noeli ya 2024, BBC ya Uingereza ilionyesha filme mpya ya Wallace na mbwa wake Gromit, iliyofinyangwa kwa udongo, na mamilioni ya watu waliitazama.

Arthur Rankin alikufa mwaka wa 2014, Jules Bass mwaka wa 2022, Mochinaga mbele yao, mwaka wa 1999. Rudolph aliyebaki Atlanta ni mdogo. Wageni wanaofika mbele ya kioo wanashangaa hapo kwanza: walimkumbuka mkubwa zaidi.